Mashine ya kuoshea kwa maji ya presha nyumbani: uzoefu wangu hapa Donholm, Nairobi

Yangu ni ile ndogo ya stima, na presha yake ya maji inafika hadi baa 130 (baa ni kipimo cha presha). Niliinunua mjini kwa ajili ya kuosha kabro (matofali ya uani) na gari, na kwa kazi hiyo sina lalama. Udongo wetu huku ni ule mweusi, mvua ikinyesha unagandia magurudumu hadi unakwangua kwa panga. Mashine inaubandua wote bila kusugua. Maji inakula kama lita 7 kwa dakika, yaani mtungi wa lita 20 unakwisha kwa karibu dakika tatu. Kwetu tunaoishi kwa mgao wa maji, hiyo ni nafuu kubwa.

Kilichonikera ni kwamba muuzaji alinionyesha jinsi ya kuunga paipu, akaishia hapo bila kunieleza hatari yake. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa baa mbili na kitu. Huku umeshika 130 mkononi! Mpwa wangu alipoomba kujaribu, nilimwekea kwanza kipande cha ubao wa saipresi, nikafunga nozeli (kichwa cha kutolea maji) nyekundu, ile ya nyuzi sifuri, yaani maji hayatawanyiki, yanatoka kama mstari mmoja. Kupitisha mara moja tu, ubao ukachimbika mfuo mzima, nyuzinyuzi zimesimama pande zote mbili. Akarudi nyuma mwenyewe.

Maji hayo yakitoboa ngozi, utaona kitundu kidogo, damu kidogo, kumbe ndani yamesukuma uchafu mbali. Usibandike plasta ukaendelea na kazi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na umwambie daktari waziwazi kwamba ni maji ya presha.

Basi nyekundu nimeiweka kando. Kabro naosha kwa ya kijani, nyuzi 25, nikiinamisha mkuki, ile fimbo ya kurushia maji, ili mchanga wa kati ya matofali usitoke. Gari naosha kwa nyeupe, nyuzi 40, kwa umbali wa kama futi moja. Gambuti, suruali ndefu na miwani ya kinga ni lazima, na watoto wabaki ndani.

Stima ndiyo inayonitia hofu zaidi. Fundi alinifungia swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, na bila hiyo nisingewasha. Ekstensheni nyembamba za kuchajia simu hazifai kabisa. Chukua ya nje, nene, na maungio yake yasilale kwenye maji. Usielekeze maji kwenye mita, soketi wala ua wa umeme ulio juu ya ukuta. Ngazi pia sahau, mkuki unapiga teke ukibonyeza triga. Na ukichagua ya petroli, usiiwashe ndani ya gereji: moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na inaua.

Ukimaliza, zima, funga mfereji, kisha bonyeza triga mpaka presha iishe ndipo ufungue paipu.

Kasoro zake: paipu ni ngumu kukunja na waya wa stima ni mfupi. Bado ningeinunua tena. Dukani hakikisha triga ina kufuli na nozeli zote zimo ndani ya boksi.