Imesawazishwa: nililipia wingu, harusi za miaka miwili zikaenda na maji

Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hawakuweka sehemu ya kubonyeza sifuri. Mazuri yao yapo na nitayafikia, lakini kwanza niacheni nitoe nyongo.

Nina studio ndogo ya picha hapa Tanga, Ngamiani. Harusi, sendofu, kicheni pati, maulidi, mahafali ya watoto wa chekechea. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikilipia huduma ya kuweka mafaili mtandaoni, ndilo hilo wanaloliita wingu, hela inakatwa kila mwezi kama kodi ya fremu. Jina silitaji, maana nionavyo hawa wote ni watoto wa mama mmoja.

Siku moja akaja mama mtu mzima, mwenye heshima zake, niliyempigia picha za harusi ya bintiye. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi akapumua. "Mwanangu, yule bibi yake bi harusi ametutoka. Arobaini yaja. Nataka ile picha aliyokaa kwenye mkeka na wajukuu, niitie fremu." Nikampa pole, nikamwambia asubiri, dakika mbili tu.

Dakika mbili!

Nafungua folda ya harusi kwenye laptopu, haipo. Haikupungua picha moja wala mbili, folda lenyewe halipo, na harusi zote za miaka miwili zimekwenda nalo. Nakwenda kwenye kompyuta ya kuchapishia, haipo. Natazama kwenye simu, haipo. Naingia kwenye tovuti yao kwa nywila yangu mwenyewe, haipo. Na huko kote, pembeni, kitiki cha kijani kinanichekea: Imesawazishwa.

Hebu tulitazame neno hili, maana ndilo lililoniponza. Mimi nimezaliwa na Kiswahili, na nikisikia kusawazisha, kinachonijia ni greda la barabara. Greda likipita, palipoinuka panashuka, penye shimo panajaa, na kibanda chako kikiwa njiani nacho kinasawazishwa. Kumbe hayo ndiyo waliyokuwa wakiniambia kila siku, kwa Kiswahili fasaha kabisa, na mimi nikawa nasoma "vitu vyako vipo salama". Walisawazisha kweli. Vifaa vitatu na tovuti, vyote tambarare.

Yule mama nilimwongopea. Nilimwambia mtandao unasumbua, arudi kesho. Hapa Tanzania uongo huo haukataliwi na mtu, hasa tangu ile Mei ya 2024 kebo za baharini zilipopata hitilafu na nchi nzima ikawa inapapasa. Akaondoka na khanga yake begani, akanishukuru. Sikulala.

Usiku huo nikaandikia huduma kwa wateja. Kwanza likanipokea roboti, likaniuliza kama nimesahau nywila. Nikaliambia sijasahau nywila, nimepoteza harusi. Likaniuliza tena kama nimesahau nywila. Baada ya kama saa nzima akaja binadamu, au kitu kilichojiita kwa jina la binadamu, akaandika: "Mpendwa mteja, mafaili yalifutwa na mwenye akaunti. Vitu vilivyo kwenye tupio huondolewa kabisa baada ya siku 30."

Nikamwandikia, ndugu yangu, mwenye akaunti ndiye mimi na sijagusa folda hilo. Akabandika sentensi ileile. Nikamuuliza, basi nakala yenu nyinyi iko wapi, si ndicho ninacholipia? Akajibu: "Huduma yetu ni ya kusawazisha. Si nakala rudufu." Nikamwandikia aya ndefu, yenye mkeka, bibi, arobaini na wajukuu wote. Nikiwa bado naandika, dirisha likafungwa. Ukaja ujumbe wenye nyota tano tupu: "Je, umeridhika na mazungumzo haya?"

Wallahi picha zilinikata maini, lakini hilo swali ndilo lililonikata mguu. Unamwambia mtu nyumba yake imeungua, halafu unamuuliza kama amefurahia moto?

Sasa nitulie kidogo, maana kuna jambo nimelipita makusudi. Nimesema sijagusa folda. Ni kweli, mkono wangu haukugusa. Aliyefuta ni mtoto wa kaka yangu, ananisaidia studio wakati wa likizo. Laptopu ina gigabaiti 256 tu, harusi moja yaweza kula 40, ikawa inalia nafasi imejaa na kamera haimwagi picha. Akaniita, "Shangazi, hapa pamejaa, nifanyeje?" Nilikuwa namremba bi harusi mlango wa pili (ndiyo, nafanya na hayo, mjini hapa) nikamjibu bila kugeuka: "Futa za zamani. Si zipo juu?"

Si zipo juu. Maneno yangu hayo. Kijana akafuta, na huduma, kwa utiifu wa ajabu, ikakimbia kuzifuta na kwenye vifaa vingine vyote.

Na imani hiyo ya kwamba "zipo juu" sikuiokota barabarani, wao wenyewe ndio walionipa. Kipindi fulani nyuma nilikwapuliwa simu pale stendi ya Kange. Nililia kama mtoto. Nikanunua nyingine, nikaingiza akaunti, nikaenda kuchemsha chai. Kurudi, vitu vinashuka kimoja kimoja kama mvua ya vuli: picha, risiti, orodha ya madeni, hata sauti za marehemu baba nilizozirekodi. Siku ile ningeulizwa kama nimeridhika ningewapa nyota tano na sahani ya pilau. Tangu hapo kila mtu aliyeniambia nifanye bekapu, hiyo nakala rudufu, nilimjibu, mie ninayo, nalipia.

Fundi mmoja wa kompyuta, kijana mpole asiyependa kumcheka mtu, ndiye aliyenifungua macho. Akasema: "Dada, siku ya Kange nani alifuta?" Nikamwambia hakuna aliyefuta, simu iliibiwa. "Basi. Kifaa kilipotea, mafaili hayakuguswa, kwa hiyo kule juu yalibaki. Safari hii kifaa kipo, mafaili ndiyo yalifutwa, na kifaa kikapeleka habari hiyo juu kama kilivyoagizwa." Akaniambia kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia kingeingia kwenye laptopu yangu, huduma hiyohiyo ingesambaza mafaili yaliyofungwa kwa bidii ileile, na mteja ambaye huduma yake haitunzi matoleo ya nyuma angebaki na makufuli. Kwake yeye bekapu ni kitu kinachokumbuka jana, juzi na mwezi jana, na ukifuta leo chenyewe hakishtuki. Hiki nilichokuwa nalipia kinaijua leo tu.

Nilimwelewa. Na nilipomwelewa hasira ikapanda upya, badala ya kushuka. Kama jambo lenyewe linaelezeka kwa swali moja la fundi, kwa nini wao na mamilioni yao ya wateja hawalielezi? Kijana wangu alipobonyeza kufuta, kwa nini lisitokee onyo kubwa jekundu: ukifuta hapa, unafuta KOTE?

Haya, na hapa pia niseme ukweli, maana ukishaanza kukiri huachi njiani. Onyo lilitokea. Kijana anasema kulikuwa na "kitu kimeandikwa hapo" na yeye akabonyeza Sawa. Na baruapepe ilikuja. Niliitafuta baadaye, nikaikuta imelala katikati ya matangazo ya vifurushi na viatu, inasema mafaili mengi yamefutwa kwa mkupuo, kama sikukusudia nina siku 30 za kuyarejesha. Ilikuwa haijafunguliwa. Mama alikuja studio yapata wiki ya sita au ya saba. Ningekuwa mtu wa kusoma barua zake, nisingekuwa na hadithi.

Kwa hiyo labda nyota mbili.

Picha je? Fundi aliniuliza kama kadi za kamera ninazifuta au ninanunua mpya. Ninazifuta, nani ana hela za kununua kadi kila harusi. Akasema kufuta kadi kwa kawaida hakusugui picha, kunaondoa orodha tu, na picha hubaki mpaka mpya zije zikalie mahali pake. Tukazikusanya zote. Akaendesha programu ya bure iitwayo PhotoRec, na hii naisifu kwa moyo mkunjufu, mbaya wa sura, mzuri wa kazi. Kadi nyingi zilikuwa zimekwisha kukaliwa. Moja, iliyokuwa imedondoka nyuma ya droo tangu sijui lini, ikatema picha mia kadhaa. Majina yote yamepotea, kila picha imeitwa herufi na tarakimu, harusi tatu tofauti zimechanganyika na mahafali. Nilikaa siku mbili nikichambua kama mchele.

Bibi wa kwenye mkeka hakuwemo. Alikuwemo kwenye nyingine, amesimama mlangoni, nusu ya uso imezibwa na sinia la mtu. Ile ya mkeka ilipatikana kwa dada wa bi harusi: nilimtumia kwa WhatsApp wakati ule, na WhatsApp ikaibana kama ilivyo kawaida yake kwa picha usiyoituma kama faili. Kwenye simu inapendeza. Kwenye fremu ya ukutani, bibi wa watu anaonekana kama anatazamwa kupitia chandarua. Nilimpelekea mama zote mbili bila kumtoza na nikamweleza ukweli. Aliitazama ile yenye sinia kwa muda, akacheka, akasema marehemu ndivyo alivyokuwa, kila shughuli yumo mlangoni anakagua sahani. Akachukua hiyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Sasa hivi nafuata kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Aliyeieneza ni mpigapicha Mmarekani, Peter Krogh. Mpigapicha! Mwenzetu kabisa, amesema tangu miaka hiyo, na mimi mwenye kamera shingoni naisikia kwa fundi baada ya maiti kuzikwa. Nimenunua diski mbili za nje. Moja ipo studio, naichomeka Ijumaa, nikimaliza naichomoa, maana ikibaki imechomeka nayo ni ya kufutwa tu. Nyingine ipo Pongwe kwa dada yangu, ndani ya kabati la vyombo, imefungwa kwa kipande cha khanga. Tunabadilishana kila ninapokwenda kumsalimia. Dada anaamini ni chaja.

Na wao? Bado nawalipia. Mnicheke. Simu ikikwapuliwa kesho ni wao nitakaowakimbilia, na kutuma folda la picha kwa mteja aliye Muscat kwa kiungo kimoja, hilo sijaona anayelifanya vizuri kuliko wao. Kwa kazi hiyo ni hodari na bei si mbaya. Nilikuwa nimefika nyota tatu, naapa, kidole kipo juu ya kitufe.

Halafu juzi ikaingia baruapepe. Safari hii nimeifungua, nazifungua zote siku hizi. Wanasema hawajapokea maoni yangu kuhusu mazungumzo yetu ya mwisho na huduma kwa wateja, na wangependa kujua kama niliridhika.

Moja. Iacheni hiyohiyo moja.