Kinjeketile jukwaani Dodoma: wapi watazamaji walicheka, wapi walinyamaza

Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, iliyochapishwa mwaka 1969, wengi wameijulia darasani, na hapo ndipo mtihani wa kwanza unapoanzia kwa kikundi chochote kinachoirudisha jukwaani: sehemu kubwa ya ukumbi inajua mwisho wake. Katika onyesho hili la Dodoma, safu za nyuma zilizojaa wanafunzi zilikuwa zikitamka maneno ya Kinjeketile kabla mwigizaji hajayafikia. Wapo waliogeuka kuwanyamazisha. Hapakuwa na haja, kwa sababu mwigizaji alipunguza mwendo, akawaacha wamalize, kisha akalisema neno lake kwa sauti ya chini kuliko walivyotarajia. Ukumbi mzima ukamfuata yeye.

Onyesho hili linastahili kiingilio chake. Lina makosa mawili makubwa, na yote mawili yanarekebishika bila kuongeza bajeti.

Mwanzo wake ndio uliofanya kazi vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote. Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile wanazungumzia chakula huku wanaume wao wakitumikishwa kwenye shamba la pamba. Mwongozaji hakuweka mapambo: kigoda, ungo, na mtama kiganja kimoja. Bibi Kitunda anaupepeta mtama ule taratibu, anachagua mawe, anaurudia tena kana kwamba utaongezeka. Kinamama wa makamo waliokaa mbele waliguna kwa pamoja, na mguno ule haukuelekezwa na mtu. Ugogo, yaani eneo hili la Dodoma, ni nchi inayokumbuka njaa kwa majina. Mtunya, ile ya 1917 hadi 1920, iliwakuta watu baada ya majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, kuchukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Mtazamaji wa hapa haelezwi ungo mtupu una maana gani. Ndiyo maana Mnyapara alipokuja kumchukua Chausiku, binti wa Kitunda, sauti zilitoka kila kona kumwambia Kitunda asimame, na mwigizaji wa Kitunda alifanya jambo gumu: alibaki amekaa, macho chini, mpaka kelele zilipoisha zenyewe.

Sasa tuje mtoni. Masimulizi ya wazee wa Umatumbi, kusini mwa Tanzania, yanasema Kinjeketile alizama kwenye maji ya Ngarambe, ndugu zake wakalala ukingoni wakingoja, na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Ukavu ule ndio ushahidi. Bila huo, hakuna sababu ya watu wa Rufiji na Umatumbi kuamini kwamba maji yatazuia risasi. Hapa kikundi kilitumia kitambaa cha buluu kilichotikiswa na watu wanne, nacho kilipendeza. Tatizo ni kwamba mwigizaji alijibanza chini ya kitambaa hicho muda wote wanakijiji wanapongoja, akiwa mita chache tu kutoka kwenye taa za halojeni, na taa hizo hutoa joto kali. Alipoibuka, shati lake la rangi ya udongo lilikuwa limeshika jasho mgongoni na kwapani. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Mbona kaloa?" Kicheko kikasambaa, na maneno ya Kitunda ya kushangaa ukavu yakapotelea humo.

Waliocheka hawakuwa wanakejeli. Walikuwa wanafuatilia kwa makini, wakaona kisichotakiwa kuonekana. Dawa ni nyepesi: kitambaa kirefushwe hadi mlango wa pembeni, mwigizaji atambae atoke nyuma, ajifute, abadili shati kwa jingine linalofanana kabisa, apakwe poda usoni na shingoni, arudi chini ya kitambaa muda mfupi kabla ya kuibuka. Zinahitajika nguo mbili za aina moja na mtu mmoja wa kumhudumia. Asiyetaka usumbufu huo amvalishe kaniki, maana nyeusi haionyeshi jasho kwa mbali, na taa za juu ya mto zibadilishwe ziwe za LED.

Kosa la pili lilitokana na nia njema. Kikundi kiliona tamthilia ya kusini inayochezwa Dodoma ipate mlio wa Dodoma, kikawaweka wanawake wapiga muheme, ngoma ya Wagogo, kwenye tukio la wapiganaji kunyunyiziwa maji na kula kiapo. Kupiga walipiga hasa: ngoma zimebanwa mapajani, mikono inaruka, mabega yanajibu. Lakini kwa mtu aliyekulia huku, mlio ule unasema sherehe, unasema mtoto ametoka jandoni, na mwili unajua la kufanya. Vigelegele vikapanda. Watu wakasimama na noti mkononi kwenda kutunza, mmoja akapanda jukwaani kabisa kumbandika mpigaji noti kwenye paji la uso, wakati nyuma yake watu wanaapa kwenda vitani. Wapiganaji walibaki wamepiga magoti wakisubiri foleni ya watunzaji iishe.

Jambo jingine ni la kifundi. Hewa kavu ya Dodoma hukaza ngozi ya ngoma, mlio hupanda na kuwa mkali, na ndani ya ukumbi wa bati unameza kila sauti ya mtu. Hata wasingekuja watunzaji, kiapo kisingesikika.

Muheme usiondolewe. Uhamishiwe mwanzoni kabla taa hazijazimwa, watu watunze hadi waridhike, au mwishoni waigizaji wanapotoka kuinamisha vichwa. Kiapo kiachiwe njuga za miguuni peke yake, zikikanyagwa kwa pamoja. Kwamba kikundi hiki kinaweza kuutumia muziki wa Kigogo kwa akili kilishathibitisha chenyewe baadaye: Kinjeketile anapoanza kulitilia shaka Neno lililomjia, mzee mmoja pembeni anapiga zeze, taratibu, bila kuimba. Hapo hakuna aliyesimama. Hata watoto waliokuwa wakifungua pakiti za karanga waliacha.

Maikrofoni zilisumbua. Zile za kubana kifuani zinasugua nguo kila mwigizaji anapogeuka, na mbili zilikuwa zikivuliwa huyu na kuvalishwa yule, hivyo kila aliyeingia alipoteza maneno yake ya kwanza. Zihamishiwe shavuni, au ziachwe kabisa kwa matukio ya watu wawili.

Tukio la gerezani liliachwa kama lilivyoandikwa, na vizuri. Kinjeketile anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, kwa sababu akikiri watoto wataambiwa baba zao walipigania uongo. Baada ya hapo ubishi ulianza kwenye viti na kuendelea mpaka nje penye magari. Wazee wengi walishikilia kwamba aliwapeleka watu kwenye bunduki kwa maji matupu. Vijana wakajibu kwamba bila maji yale makabila yasingekaa pamoja hata siku moja. Mwongozaji hakuegemea upande, na alifanya sawa.

Kuna waliolalamika kwamba historia imepindishwa, wakitaja kwamba Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa haijatimiza mwezi. Tarehe wanaijua vizuri. Ila mwandishi mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi wake kuwa Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha fikra, tofauti na mtu wa Ngarambe. Karatasi ya ratiba inayogawiwa mlangoni ingeweza kusema hivyo kwa mistari miwili.

Na hapo kwenye maandishi: ukutani, mwishoni, ilitupwa picha yenye idadi ya waliokufa, 75,000. Hiyo ni hesabu ya Wajerumani. Wanahistoria wengi hukadiria 250,000 hadi 300,000, sehemu kubwa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Kuweka namba ya mchomaji peke yake, baada ya ule mwanzo wa ungo na mtama, kunauma. Ziwekwe namba zote mbili na neno njaa litajwe.

Kwa anayepanga kwenda: onyesho huchukua muda wa saa mbili na ushee pamoja na mapumziko, ambayo yanakuja mara tu baada ya kiapo. Jenereta liko upande wa kulia wa ukumbi, hivyo kaa kushoto, kuanzia safu ya tatu kwenda nyuma, maana safu mbili za mbele haziyaoni yanayofanyika chini ya kitambaa cha mto. Beba sweta, milango huachwa wazi na upepo wa usiku unaingia. Chukua na chenji ya kutunza.