Uzoefu wangu: methoksifenozidi kwa kiwavijeshi vamizi, Kisesa

Mwenye haraka ya kuona viwavi wamelala chali asubuhi yake, dawa hii itamuudhi. Mimi naipa nyota 4 kati ya 5, kwa mahindi machanga tu.

Chupa niliyotumia ina gramu 240 kwa lita. Haipigi mishipa ya fahamu kama dawa nyingi za dukani. Inaiga ekdisoni, homoni inayomwamuru kiwavi ajivue gamba. Akila jani lenye dawa, ndani ya saa chache anaacha kula, maana mwili umeshapokea amri. Gamba jipya linaanza kujengwa kabla ya wakati, tena bovu. Ili atoke kwenye gamba la zamani, ekdisoni lazima ipungue kwanza. Ile ya asili hupungua. Hii ya kuiga hudumu mwilini, basi kiwavi anakwama katikati. Ukimtazama kwa karibu utaona kofia ya kichwa cha zamani imeteleza ikaziba mdomo. Anakufa kwa njaa na kukauka, kati ya siku ya 2 na ya 5.

Kwa hiyo usihesabu mizoga. Chungulia moyoni mwa mhindi: kinyesi kibichi kama unga wa mbao kikikoma, kazi imefanyika. Kurudia kupuliza kesho yake ni kumwaga hela.

Ekari moja nilitumia mililita 150, bomba 10 za lita 16, yaani mililita 15 kila bomba. Tikisa chupa sana, dawa hutuama chini. Jaza maji nusu, tia dawa, koroga, malizia maji. Puliza jioni, nozeli ielekee moyoni, kwa sababu asiyeila hafi. Wahi viwavi wakiwa chini ya sentimita moja. Wakubwa hujifukia chini ya kinyesi chao. Nondo wanaoruka haiwaui.

Ukiambiwa lufenuroni, dawa nyingine ya viwavi, "ni ile ile ya homoni", kataa. Hiyo huzuia kutengenezwa kwa kitini, yaani malighafi ya gamba, na lebo yake ina namba 15, namba ya kundi inayoonyesha dawa inavyoua. Hii yetu ni 18. Uzao unaofuata wa viwavi badilisha namba, wasije wakaizoea.

Tuliolima karibu na ziwa tukumbuke uduvi nao hujivua gamba, kwa hiyo dawa isifike majini. Bomba nalisuuzia shambani, na maji yake nayapulizia mahindi yale yale.