Usiku wa Mji Mkongwe, na mama yangu kunyimwa kiti

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika nayo.

Kuna hawa watu wa hapa Dar wanaoandaa karamu za usiku mmoja. Unanunua tiketi, mahali unatajiwa siku hiyohiyo, na kila karamu ina mada yake. Wanachukua pia shughuli za watu: arusi, send-off, sherehe za ofisi. Bei zao wameziweka wazi kwenye Instagram, sitazirudia hapa, na jina lao silitaji.

Safari hii mada ilikuwa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mama yangu ni mtu wa Unguja, kakulia Michenzani kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Tangu magoti yaanze kumsumbua, boti haipandi tena. Nikaona kama kuvuka hawezi, angalau nimpeleke mahali akale chakula cha kwao. Kabla sijalipa niliwaandikia WhatsApp kwamba nakuja na mtu mzima, magoti hayakunjiki, atahitaji kiti. Nikajibiwa, "Usijali dada, tutampanga." Nikatuma pesa.

Tulipofika, kwa kweli palipendeza. Bustani ya nyumba moja kule Mbezi Beach, taa zimening'inizwa mitini, majamvi yametandikwa, masinia yamepangwa, chetezo cha udi kinafuka mlangoni. Mama alisimama akavuta ile harufu, nikaona uso umemnawiri. Kina dada wanapita na birika na bakuli kunawisha wageni. Nikasema moyoni, pesa yangu imefika.

Kisha nikauliza kiti kiko wapi.

Msimamizi ni kijana, kavaa kanzu imepigwa pasi na kofia ya viua. Shikamoo hakumpa mama. Alinigeukia mimi akaniambia huku kwenye majamvi hawaweki viti, kwa sababu mpiga picha anapiga kila upande na viti vya plastiki vinaharibu mandhari. Nikamwonyesha ujumbe wao wenyewe kwenye simu. Akausoma, akanirudishia simu, akasema, "Sawa dada, mama anaweza kukaa kule nyuma walipo madereva, chakula kitamfuata." Mama kasimama palepale anasikia. Na viti nilikuwa naviona kwa macho yangu, vimebebanishwa nyuma ya turubai karibu na mitungi ya gesi. Kimoja tu kingetosha.

Mama hapendi kugombana mbele za watu. Akanishika bega, akaanza kujishusha mwenyewe. Ilichukua muda. Mkono mmoja kwangu, mwingine anatafuta ardhi, na goti la kulia likagoma kabisa, ikabidi anyooshe mguu pembeni ya sinia. Watu wa sinia letu wakasogea kumpisha, Mungu awabariki. Hajakaa vizuri akaja mpiga picha, akainama, akamwambia, "Mama, mguu uingie ndani kidogo."

Sijui niliwezaje kunyamaza.

Halafu yule kijana akashika kipaza sauti, akaanza kutueleza Mji Mkongwe. Kwamba UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Milango ya kuchonga, vichochoro, Forodhani usiku, wanaume wanaokunywa kahawa Jaws Corner. Yote kweli. Baraza hakuitaja. Aliyewahi kutembea mji ule anajua, nyumba kwa nyumba unakuta nje ya mlango kuna baraza ya mawe imejengwa ukutani, na imewekwa hapo ili mtu akae. Jirani akae, mpita njia apumzike, muuza kahawa atue dele lake. Waliojenga mji ule walimfikiria wa kukaa kabla hajafika. Wewe unatuuzia mji huo kwa tiketi, na mama mtu mzima umemnyima kiti kwa sababu ya picha!

Wala wasinijibu kwamba Uswahilini watu hula chini. Mimi nimelelewa nikila chini, kwenye sinia moja na ndugu zangu. Lakini bibi yetu alipoacha kuweza kukunja miguu aliwekewa kiti na stuli, na ndiye aliyekuwa akipakuliwa kwanza. Hakuna aliyefundishwa hilo kwa kipaza sauti.

Chakula sasa. Urojo ulikuja umepoa, bajia zimeshalowa ndani, ndimu haionekani. Au labda kwangu mimi kila kitu kilikuwa kimeshachacha kufikia hapo, maana jirani yangu aliumaliza na akaomba tena. Biriani ilikuwa sawasawa: masala mbali, wali mbali, vitunguu vimekaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawa, si ile ya kuchanganyachanganya pilau na rangi ya njano ukaambiwa ni biriani. Ila samaki wa kupaka, hapo nasema ukweli wa Mungu, sijala samaki kama yule tangu nimezaliwa. Changu mzima, amechomwa kwenye makaa, tui zito la nazi limepakwa na kurudiwa mpaka limeshika ngozi, ukwaju unauma kidogo kwenye ulimi. Mama alichovya mkate wa kumimina kwenye lile tui, akanyamaza, akachovya tena.

Nadhani kuna mtu alikwenda kusema jikoni, kwa sababu tukiwa katikati ya kula mpishi mwenyewe alitoka. Mama wa makamo, mikono bado ina unga. Mkononi kabeba kiti kimoja cha plastiki. Akakitua pembeni ya sinia letu, akajifungua kanga ya kiunoni, akakifunika chote mpaka miguuni, akasema, "Shikamoo dada'angu. Inuka nikusaidie, ukae kitako na wewe." Tukamwinua wote wawili. Akaleta na stuli, akampakulia sahani yake. Kumbe lile tatizo la mandhari dawa yake ilikuwa kanga moja. Akamuuliza mama, "Kwenu wapi?" Mama akasema Michenzani. Yeye akasema wa Makunduchi. Wakaanza kuulizana watu, wakacheka, na mpaka kahawa na kashata vinaletwa mama alikuwa kachangamka kama kijana.

Tulipoondoka nilishasamehe. Njiani kwenye gari nilikuwa napanga kuwasifu, niseme kijana mmoja asiye na adabu asiharibu kazi ya watu wote. Ningewapa nyota nne, tano kabisa kwa yule samaki.

Kesho yake wakaweka picha. Ya kwanza kabisa, ile waliyoichagua wao kuvutia watu, ni mama yangu. Kakaa kwenye kile kiti chenye kanga, kashika kikombe cha kahawa, anacheka. Chini wameandika kuhusu ukarimu wa pwani na jinsi kwao wazee wanavyopewa heshima ya kwanza. Hawakumwomba ruhusa. Na yule kijana amejibu maoni ya watu kwa mikono ya kushukuru, mmoja baada ya mwingine.

Nimewaandikia waitoe. Wamesoma, alama za bluu naziona. Mpaka naandika haya bado ipo, na watu wanaulizia tarehe ya karamu ijayo.

Kwa hiyo nyota moja, na hiyo moja ni ya jikoni. Ukitaka kuwapa shughuli yako, na una wazee katika wageni wako, nenda ukumbini mapema wewe mwenyewe, hesabu viti, na ahadi ya WhatsApp usiitegemee. Anayemfahamu yule mpishi wa Makunduchi amfikishie salamu zangu, kanga yake ipo kwangu, mama aliondoka nayo mabegani na yeye akakataa kuichukua. Tuna maulidi nyumbani karibuni na nataka apike yeye, kwa malipo yatakayofika mkononi mwake.