Selo ya kupimia udongo unaovimba, baada ya miezi saba ya kuipasha moto

Selo hii, yaani chombo cha kufungia sampuli, nimeitumia miezi saba mfululizo kupima bentonaiti iliyoshindiliwa, udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa. Ni pete nene ya chuma kisichoshika kutu yenye kipenyo cha milimita 50. Sampuli ya kimo cha milimita 10 hukaa baina ya mabamba mawili yenye vinyweleo, pistoni huibana kwa juu, na koti la umeme huipasha hadi nyuzi 80. Nimewahi kutumia selo nyingine tatu. Hii ndiyo ya kwanza ambayo sijaiona ikivuja.

Asiyefanya kazi hii huenda asione uzito wa sifa hiyo. Udongo ulioshindiliwa hadi densiti kavu ya gramu 1.6 kwa sentimita ya ujazo hupitisha maji kwa uchoyo mkubwa. Upitishaji wake ukiwa mita 10⁻¹³ kwa sekunde, nawe ukiyasukuma maji kwa megapaskali 1, selo ya ukubwa huu itakupa kama mililita 0.17 kwa siku nzima. Hayo ni matone matatu au manne. Kiungo kimoja kikitoa jasho, unapima jasho, udongo hujaupima. Mipira ya kuzibia ya selo hii ilikaa wiki sita katika nyuzi 80, na nilipoitoa ilikuwa bado laini.

Kwa upande wa mtiririko nimeridhika kabisa. Mnato wa maji katika nyuzi 80 ni kama asilimia 35 tu ya ule wa nyuzi 20, kwa hiyo hata udongo usipobadilika, maji yanatakiwa kupita karibu mara 2.8 zaidi. Sampuli zangu zilikaribia sana hapo. Lakini mwongozo unaelekeza kusoma bureti (mrija wenye alama za kupimia maji) saa mbili baada ya kupandisha joto, na hilo silikubali. Mililita 10 za maji zilizomo kwenye mabomba na mabamba, zikitoka nyuzi 20 hadi 80, hupanuka kwa karibu mililita 0.27. Hayo ni mengi kuliko yaliyokuwa yakipita kwenye udongo siku nzima kabla ya kupasha! Mimi husubiri saa 24, na maji huyatoa hewa kwanza, maana yakipata moto hutema viputo vinavyoziba njia.

Kasoro kubwa ni kihisi cha shinikizo. Wamekiweka juu ya pistoni, kimegusana na chuma cha moto. Jaribio la kwanza, joto lilipopanda shinikizo la uvimbe, yaani msukumo wa udongo uliobanwa usivimbe, lilishuka, nami nikafurahi. Kwa bentonaiti ya kalsiamu ndivyo inavyotarajiwa: joto hulegeza maji yaliyoshikwa baina ya matabaka ya montimorilonaiti, madini yanayoufanya udongo huu uvimbe, mengine yakahamia kwenye vinyweleo vikubwa. Kilichonitia shaka ni kasi. Shinikizo lilishuka ndani ya dakika chache, na udongo huu hauna haraka hiyo. Nikautoa, nikaweka kipande cha chuma chenye kimo kilekile, nikakibana na kupasha. Kipimo kikashuka tena. Karibu theluthi ya mshuko niliokwisha kuuandika ilikuwa ya chombo chenyewe. Nilirudia kazi ya miezi miwili, na iliniuma sana.

Nasema haya kwa sababu kuna watu wanaoutegemea udongo huu. Mipango ya Sweden na Finland ni kuzungushia bentonaiti mitungi ya shaba yenye fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika, huku joto la udongo likizuiwa lisizidi nyuzi 100. Kule Grimsel, Uswisi, jaribio la FEBEX lilianza kupasha bentonaiti mwaka 1997, vipashio vikiwa nyuzi 100, na sehemu ya mwisho ikafukuliwa mwaka 2015. Udongo usipovimba vya kutosha, nyufa hazizibiki. Ndiyo maana selo inayoishia nyuzi 80 naiona imekatwa njiani.

Naipa nyota nne kwa mtiririko, mbili kwa uvimbe. Sasa nimetenga kihisi na pistoni kwa kipande cha kauri, na mshuko wa uongo umepungua sana. Ukiiagiza, agiza pamoja na kipande cha chuma cha milimita 10, ukipashe kabla hujagusa udongo.