Kishikwambi kimejaa: cha kununua kwanza, cha kununua baadaye, na cha kuacha dukani

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niangalizie hizi picha. Majina yapo, mbona hazifunguki?"

Mama huyu anafanya biashara ya dagaa Ukerewe. Alifika kwenye meza yangu ya ufundi hapa Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka mwaloni, akiwa amebakiwa na saa mbili kabla ya meli ya Nansio. Kishikwambi chake cha GB 32 kilikuwa kimejaa, akanunua kwenye meza ya barabarani memori kadi iliyoandikwa TB 1, yaani karibu GB 1,000, kwa shilingi 15,000. Akahamishia humo picha na video zake zote, kisha akazifuta za ndani ili apate nafasi.

Niliichomeka kwenye kompyuta. Picha za mwanzo zilifunguka vizuri: dagaa wameanikwa, wajukuu wamevaa sare, mashine ya boti iliyofunguliwa. Kuanzia hapo kwenda mbele ilikuwa miraba ya kijivu tu, jina na ukubwa chini yake, ndani hakuna kitu. Video ya mazishi ya mume wake ilikuwa kwenye hiyo miraba. Nilihangaika nayo mpaka muda wake wa meli ukakaribia, sikupata kitu cha kumrudishia.

Kila wiki naletewa vishikwambi vilivyojaa, na wenye navyo huwa wameshashauriwa kununua kitu fulani. Wengi wanashauriwa vibaya. Huu ndio mpangilio wangu, kuanzia kinachostahili hela yako mapema hadi kile cha mwisho kabisa.

Lakini kabla ya kutoa hata shilingi

Fungua Mipangilio, nenda sehemu ya Hifadhi, uangalie nini hasa kimekula nafasi. Usikisie. Mteja akiniambia "ni picha zangu," mara nyingi nakuta ni WhatsApp. Magrupu ya ukoo, ya kanisa, ya kikoba na ya wazazi wa darasa la nne: kila video inayotumwa humo inashuka yenyewe na kukaa ndani, hata kama hukuiangalia. Ndani ya WhatsApp ingia Mipangilio, kisha Hifadhi na data, kisha Dhibiti hifadhi. Itakupangia magrupu kuanzia zito zaidi, na mafaili makubwa utayaona juu kabisa pamoja na yaliyosambazwa mara nyingi. Ukitoka hapo, zima upakuaji wa moja kwa moja wa video. Usipozima, baada ya mwezi utarudi pale pale.

Halafu angalia folda ya mafaili yaliyopakuliwa, filamu ulizohifadhi kutazama bila bando, na magemu ambayo mtoto ameshayaacha. Pipa la taka nalo lina nafasi yake, kwa hiyo limwage.

Kwa mwalimu anayetumia kile kishikwambi kilichotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022: hicho ni mali ya serikali, usikubali fundi yeyote akifomati au akirudishe kama kilivyotoka kiwandani bila mwenye mamlaka kujua. Futa vya kwako tu.

Ukimaliza hapo na bado nafasi haitoshi, sasa tununue.

Namba 1: memori kadi, ila ya kweli

Kwa kishikwambi cha Android chenye tundu lake, hakuna kinacholipa kama hiki. Unaichomeka mara moja, inakaa ndani, haihitaji bando wala waya. Tundu huwa pembeni, mara nyingi kwenye kitrei kimoja na laini, kile kinachotolewa kwa kipini. iPad haina tundu hilo, kwa hiyo mwenye iPad aruke hadi namba 2.

Ukubwa: chukua GB 128 kama kishikwambi chako kinakubali. Vya zamani vingine vinaishia GB 32, kwa hiyo soma kwenye boksi au tafuta modeli yake mtandaoni kabla ya kwenda dukani. Kadi ya GB 32 kushuka chini huja kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Ukirekodi ibada nzima au harusi kwa mkupuo mmoja, utakutana na ukuta huo. Kuanzia GB 64 kadi huja na exFAT, na tatizo hilo linaisha.

Kasi: yale maandishi makubwa ya "MB 100 kwa sekunde" kwenye pakiti ni kasi ya kusoma, tena katika hali nzuri kabisa. Wewe tafuta alama ndogo. Herufi C yenye 10 ndani, au U yenye 1 ndani, maana yake kadi inaandika si chini ya MB 10 kwa sekunde, na hiyo inatosha picha na video za kawaida. Anayerekodi video za 4K, zile za ubora wa juu sana, atafute U yenye 3, au V30, ambazo ni MB 30 kwa sekunde.

Sasa kuhusu feki, na hapa nakuomba usome taratibu. Ndani ya kila kadi kuna kichipu kidogo kinachokiambia kifaa "mimi nina nafasi kiasi hiki." Watengenezaji wa feki wanachukua kadi ya GB 8 au 16 na kukifundisha kichipu kuongopa. Kishikwambi kinaamini na kuonyesha TB 1. Unahamisha, kinakubali, hakitoi onyo lolote. Nafasi ya kweli ikiisha, kinachofuata kinaandikwa juu ya vingine au kinapotea kabisa, huku majina yakiendelea kuorodheshwa kama kawaida. Ndiyo maana mama yule hakujua. Alifanya kila kitu sawa, kadi ndiyo ilimdanganya.

Kwa hiyo kuangalia ukubwa kwenye skrini si kupima. Kupima ni kuijaza kadi yote kisha kuisoma tena. Kwenye kompyuta ya Windows ipo programu ya bure iitwayo H2testw, na wenye Linux au Mac wanatumia F3. Inaandika data hadi kadi ijae, inairudia kuisoma, mwishoni inakwambia ni kiasi gani kimerudi kizima. Haiwezekani kufanyika ukiwa umesimama kaunta: kadi ya GB 128 ikiandikwa kwa MB 20 kwa sekunde inachukua karibu saa moja na dakika 47, bado kuisoma. Basi kabla ya kulipa, mwambie muuzaji hivi: "Bosi, naenda kuipima leo, isipotimia narudi nayo." Mwenye mali ya kweli atakuandikia risiti. Akianza kukuzungusha, rudisha kadi mezani na uondoke. Ipime ikiwa tupu, kabla hujaweka chochote chako, na usifute cha ndani mpaka umefungua nakala zilizo kwenye kadi kwa macho yako.

Na bei yenyewe inasema. Kadi ya kweli ya TB 1 haiuzwi kwa bei ya kilo chache za sato, iwe Makoroboi, iwe kwenye duka la vioo, iwe mtandaoni.

Ukishaichomeka, baadhi ya vishikwambi vitakuuliza uitumie kama hifadhi ya kuhamishika au kama sehemu ya hifadhi ya ndani. Njia hiyo ya pili ilikuja na Android 6 mwaka 2015, na kampuni nyingi hawaiweki. Inavutia, maana programu nazo zinaweza kukaa kwenye kadi. Ila kadi inafungwa kwa ufunguo wa kifaa hicho kimoja tu. Kishikwambi kikizama ziwani au kikikataa kuwaka, kadi haisomeki kwingine. Mimi nawashauri wateja wangu wachague ya kuhamishika.

Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya kamera, elekeza picha ziende kwenye kadi. WhatsApp haina chaguo hilo, mafaili yake yanabaki ndani. Jiwekee siku, labda Jumapili jioni, uyahamishe kwa mkono. Fahamu kwamba ukishaihamisha video, ukiigusa ndani ya mazungumzo haitafunguka tena. Utaifungulia kwenye galari.

Namba 2: flashi yenye ncha mbili

Hii ni ile flashi yenye ncha ya kompyuta upande mmoja na ya Type-C upande wa pili. Unaichomeka mahali pa kuchajia, unahamisha, unachomoa, unaihifadhi kabatini. Kwa mwenye iPad ya Type-C ndiyo chaguo la kwanza. Tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019, programu ya Files inasoma flashi bila shida. Kwa kishikwambi cha zamani chenye tundu dogo la micro USB, nunua flashi ya kawaida na kile kiwaya cha OTG kinachounganisha flashi na kishikwambi, ila kwanza hakikisha kifaa kinakubali OTG. Nenda dukani nacho mkononi na ujaribu pale pale.

Sikuiweka ya kwanza kwa sababu haikai ndani ya kifaa. Inapotea mfukoni, inabaki kwenye daladala, mtoto anaichukua. Lakini kwa kuweka nakala ya pili ni bora kuliko kadi, na hilo ni jambo kubwa. Memori kadi hufa bila kuugua: leo inasoma, kesho kifaa kinasema hakuna kadi. Kitu usichoweza kukipata tena kiwe kwenye kadi na kwenye flashi pia. Ukifomati flashi kwenye kompyuta chagua exFAT, kwani vishikwambi vingi vinakataa NTFS. Flashi feki zipo kama kadi feki, na kipimo ni kile kile.

Namba 3: kulipia nafasi mtandaoni

Akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, zikigawanywa kati ya barua pepe, Drive na Picha. Ule ukarimu wa picha bila kikomo ulikoma tarehe 1 Juni 2021, na nakala za WhatsApp za Android sasa zinahesabiwa humo humo. Apple wanatoa GB 5. Ukitaka zaidi unalipa kila mwezi au kila mwaka.

Uzuri wake ni mmoja na ni mkubwa: kishikwambi kikiibiwa Nyegezi stendi au kikitumbukia majini Kamanga, picha zako zipo salama. Kasoro yake kwetu ni bando. Kupandisha GB 40 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni karibu saa 18 mfululizo, na kila GB inakatwa kwenye kifurushi chako. Kama ofisini au chuoni mna Wi-Fi, njia hii ipandishe hadi namba 1 au 2. Kama unaishi kwa bando la siku, tumia zile 15 za bure kwa vyeti, mikataba, kitambulisho na picha chache za maana.

Watu wengi wanapotezea picha hapa. Kwenye Google Picha, ukifuta picha kwa kitufe cha kawaida inafutika kote, kwenye kifaa na mtandaoni. Zilizokwishapandishwa hukaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha zinaondoka moja kwa moja. Kitufe unachokitaka ni kile cha kuongeza nafasi kwenye kifaa, kinachoondoa nakala za ndani tu na kuacha za mtandaoni.

Namba 4: diski ya nje

Kwa mpiga video wa harusi au katibu wa kwaya mwenye rekodi za miaka, sawa. Kwa familia ya kawaida ni kubwa kuliko hitaji. Ukinunua, nunua SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ile ya zamani yenye sahani inayozunguka inahitaji umeme ambao tundu la kishikwambi mara nyingi haliwezi kuutoa, kwa hiyo inawaka na kukatika katikati ya kuhamisha. Isitoshe, ikidondoka mara moja ukishuka botini inaweza kuwa ndiyo mwisho wake.

Namba 5: kishikwambi kipya

Watu wanakimbilia hapa kwanza, na naumia kuona mtu akitoa hela ya miezi kadhaa kwa tatizo la kadi moja. Badilisha kama programu zenyewe, si picha, ndizo zimejaza kifaa, au kama kishikwambi ni cha GB 16 na kinakataa hata kusasisha programu. Hapo kadi haitasaidia sana, na hifadhi ya ndani haiongezeki.

Ukinunua, usichukue chini ya GB 64, na GB 128 ndiyo utakaa nayo kwa raha, kwa sababu mfumo wenyewe unakula sehemu kabla hujaweka kitu. Hakikisha kina tundu la memori kadi. Jihadhari na vile vyenye boksi la kung'aa na namba kubwa kwa bei ndogo mno. Ule uongo wa kadi upo pia kwenye vishikwambi vizima, vinavyoonyesha GB 512 kwenye Mipangilio wakati ndani hazifiki hata robo. Omba dakika kumi dukani, nakili faili kubwa kutoka kwenye flashi yako mara kadhaa, kisha zifungue moja moja hadi ya mwisho.

Mama wa Ukerewe alirudi wiki mbili baadaye na kadi ya GB 64 kutoka duka lenye risiti. Tuliiacha kwenye kompyuta ikijipima huku yeye akienda mwaloni kuuza mzigo. Ilipotimia, tulianza na zile picha za wajukuu. Kwa video ya mazishi, alipiga simu kwa shemeji yake Sengerema, ambaye alikuwa na kipande cha dakika nne kwenye simu. Nilimwomba asikitume kwa WhatsApp kama video ya kawaida, maana kingebanwa na kupoteza ubora, bali akitume kama hati. Sasa kipo kwenye kadi, kwenye flashi, na kwenye zile GB 15 za bure.