Frankenstein ya Mary Shelley: Nakala Nafuu Inayompunguzia Lawama Mwanasayansi Wake

Riwaya ya Frankenstein inastahili msomaji makini, lakini si kila nakala inayouzwa inamtendea haki msomaji huyo. Hii ninayoihakiki niliinunua kwa shilingi 400 katika duka dogo la vitabu vya mitumba karibu na Barabara ya Digo, hapa Mombasa. Ni ya jalada jepesi, karatasi zake ni nyembamba kiasi cha kuonyesha maandishi ya upande wa pili, na herufi zake ni ndogo. Hata hivyo haikosi ukurasa hata mmoja, na kwa bei hiyo siwezi kulalamikia karatasi. Malalamiko yangu ni mawili, na yote yanahusu namna toleo hili linavyomtambulisha mwanasayansi aliye kiini cha kisa.

La kwanza ni jalada. Limepambwa kwa jitu lenye kichwa cha mraba na vyuma shingoni, sura iliyotoka katika filamu ya Hollywood ya mwaka 1931, wala haimo kitabuni. Kiumbe wa Mary Shelley ana ngozi ya manjano isiyoficha vyema misuli na mishipa, nywele nyeusi ndefu, meno meupe na macho yenye majimaji. Hana jina, Frankenstein ni jina la mwanasayansi aliyemuumba. Jalada la namna hii humfanya mnunuzi aingie akimtafuta mzuka wa kuogofya, ilhali anayepaswa kumchunguza tangu sura za mwanzo ni kijana msomi, mwenye adabu, aliyelelewa kwa mapenzi katika nyumba yenye heshima mjini Geneva.

Victor Frankenstein ana umri wa miaka 13 anapokutana na kitabu cha Cornelius Agrippa, kisha vya Paracelsus na Albertus Magnus, wanazuoni wa zamani waliohusishwa na alkemia na uchawi, na kuanza kuota kwamba atayaondoa maradhi katika mwili wa mwanadamu. Akifika miaka 17 anakwenda chuo kikuu cha Ingolstadt, muda mfupi baada ya kufiwa na mama yake. Huko Profesa Krempe anayadharau masomo yake ya kale, lakini Profesa Waldman anamsifia wanasayansi wa zama mpya kwa namna inayomwasha moto moyoni. Mpaka hapo hakuna ubaya. Kutafuta elimu ni jambo jema, na mwandishi hasemi vinginevyo.

Ubaya unaanza kuonekana katika sababu anazojipa mwenyewe. Victor anawaza kwamba jinsi mpya ya viumbe itamtukuza kuwa ndiye muumba wake, na kwamba hakuna baba atakayestahili shukrani ya mwanawe kama atakavyostahili yeye. Anadai shukrani ya mtoto kabla mtoto hajazaliwa, wala hajiulizi mtoto huyo atakula nini, atafundishwa na nani, atampenda nani. Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita upesi: kiumbe anafanywa mrefu wa futi nane, yaani kama mita 2.4, kwa sababu viungo vidogo vingemchelewesha mfanyaji. Ukubwa ule unaoitisha dunia nzima baadaye umetokana na haraka tu. Kwa takriban miaka miwili Victor anafanya kazi kwa siri, akikusanya viungo kutoka vyumba vya maiti na machinjioni, bila kuwaandikia jamaa zake wanaomsubiri. Usiku wa Novemba kiumbe anapofumbua jicho, muumba wake anamwona ni mbaya wa sura na anamkimbia.

Wasomaji wengi wa hapa kwetu, nadhani, watalifunga shauri hili kwa kusema kwamba Victor aliingilia kazi ya Mwenyezi Mungu, na kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Hawakosei, Mary Shelley mwenyewe, katika utangulizi alioutoa mwaka 1831, anatamka jinsi lilivyo jambo la kutisha mwanadamu kuigiza kazi ya Muumba wa ulimwengu. Hata hivyo, mimi naiona riwaya hii ikisimama zaidi juu ya methali nyingine, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Pale juu ya barafu ya milima ya Alps, kiumbe anamwambia Victor kwamba alipaswa kuwa Adamu wake, na hoja yake yote ni ya mtoto aliyetupwa: alizaliwa mwema, upweke ukamharibu. Kiumbe ana damu mikononi, wala simtetei kwa hilo. Lakini Justine Moritz, mtumishi wa nyumbani kwao, anaposhtakiwa kwa kumuua mdogo wake Victor, Victor anajua kwamba hana hatia, na bado hamtaji muuaji kwa kuwa watu wangemdhania ana wazimu. Justine ananyongwa. Kwangu, hakuna kurasa zinazoihukumu tamaa ya Victor kwa ukali kuliko hizo, kwa maana hapo hakuna maabara wala siri za maumbile, kuna jina lake tu ambalo hakuwa tayari kuliaibisha.

Hapa ndipo linapokuja lalamiko langu la pili. Riwaya hii ina maandiko mawili yanayotofautiana. La kwanza lilitolewa London tarehe 1 Januari 1818 bila jina la mwandishi, katika juzuu tatu, nakala 500. La pili ni lile ambalo Mary Shelley alilisahihisha kwa ajili ya toleo la mwaka 1831. Nakala yangu imechapisha la 1831 bila kusema hivyo popote, na imeuacha hata ule utangulizi niliokwisha kuutaja. Si jambo dogo. Katika andiko la 1831 Victor anaongezewa maneno ya majaaliwa: hatima ilikuwa na nguvu mno, ilikwisha kukata shauri la kumwangamiza, hata maneno ya Waldman yalikuwa maneno ya hatima. Msomaji anaanza kumhurumia kama mtu aliyesukumwa. Andiko la 1818 linamwacha na uchaguzi wake kwa kiasi kikubwa zaidi, na kwa maoni yangu ndilo lenye ujasiri.

Kwa haki, toleo la 1831 nalo lina ziada moja yenye thamani kubwa. Kapteni Walton, aliye njiani kuelekea Ncha ya Kaskazini, ambaye barua zake kwa dada yake ndizo zinazobeba kisa chote, anamwambia Victor kwamba uhai wa mtu mmoja ni bei ndogo kwa elimu anayoitafuta. Victor anashtuka, kwa kuwa anausikia wazimu wake mwenyewe kinywani mwa mwingine. Msomaji wa Mombasa hawezi kuipita safari ile kirahisi. Victor anasema kwamba kama watu wasingeruhusu shughuli yoyote iharibu utulivu wa mapenzi ya nyumbani, Amerika ingegunduliwa polepole zaidi na dola za Mexico na Peru zisingeangamizwa. Mji wetu ulichomwa na Wareno mwaka 1505, miaka saba tu baada ya Vasco da Gama kupita hapa akitafuta njia ya Bara Hindi, na ngome waliyoanza kuijenga mwaka 1593 bado imesimama penye mlango wa bahari. Sentensi hiyo ya Victor niliisoma mara kadhaa.

Nalo jambo linaloifanya riwaya hii iwe kubwa ni kwamba Victor haongoki kikamilifu. Mabaharia wa Walton wakiomba kurudi nyumbani kwa hofu ya barafu, yeye, mgonjwa wa kufa, anawakemea na kuwaita waoga. Akikaribia kukata roho anamwusia Walton aepuke kutaka makuu, kisha hapo hapo anaongeza kwamba huenda mwingine akafaulu alipoanguka yeye. Walton anageuza merikebu, lakini ni kwa sababu mabaharia wamekataa kuendelea.

Anayetaka kununua aifungue nakala kabla ya kulipa. Sura zikihesabiwa mfululizo hadi 24, na Elizabeth, mchumba wa Victor, akiwa mtoto aliyeokotwa kwa maskini karibu na Ziwa Como huko Italia, hilo ni andiko la 1831. Sura zikianza upya katika kila juzuu, na Elizabeth akiwa binamu yake Victor, hilo ni la 1818, nami ningelipa hata maradufu kulipata. Mwanafunzi wa sekondari mwenye Kiingereza kizuri ataliweza, ingawa sentensi ni ndefu na sura za safari za Uswisi huchosha. Aliyekwisha kununua nakala kama yangu hajapoteza fedha zake, mradi alifunike lile jalada na aisome kesi ya Justine bila haraka.